Kilima cha Lowenna

Kila jioni Lowenna aliwanywesha ndama maziwa, kisha akaketi na kazi za shule. Jioni hiyo kazi ilikuwa kunakili kwenye karatasi kubwa ramani ya kijiji chao huko Cornwall, yenye mashamba na migodi ya zamani ya bati. Darasa lingeitumia kwenye matembezi, kisha ingetundikwa kwenye ukumbi wa kijiji.

Alichora vizuri. Ila mistari ya miinuko ilimchosha, hasa duara moja lenye vijistari vinavyoelekea ndani. Mwalimu Tregear aliwafundisha kwamba duara tupu ni kilima, na lenye vijistari ni shimo. "Nani atavitazama?" alijisemea, akaviacha, akaenda kulala.

Siku ya matembezi ukungu ulitanda. Walipofika kwenye ukuta wa mawe wa shamba la mzee Hosken, hawakuwaona hata ng'ombe wake.

"Mbele kuna kilima kidogo," alisema mwalimu akiitazama ramani. "Tutakula pale."

"Wa kwanza kileleni mimi!" alipiga kelele Denzil, aliyehamia juzijuzi kutoka mjini. "Wazembe, mtakuta nimeshamaliza kula!" Akaparamia ukuta.

Lowenna alilikumbuka lile duara. Akisema, ramani yake haitatundikwa. Lakini Denzil alishavusha mguu upande wa pili. Lowenna akamdaka koti.

"Rudi! Si kilima, ni shimo la mgodi! Mwalimu, niliacha vijistari. Niliona uvivu tu."

"We! Shimo?" Denzil akateremka upesi.

Mwalimu alirusha jiwe kwenye kichaka cha miiba kilichoonekana kwa shida mbele yao. Kimya. Kisha, chini kabisa, maji yakalia chubwi.

Mwalimu alimpa Lowenna kalamu, naye akaitandaza ramani juu ya ukuta na kuvichora vijistari palepale, vidole vikimuuma kwa baridi. Denzil alimshikia karatasi huku akitafuna mkate wake wa nyama na viazi.

"Hapo umeruka kimoja," alisema mdomo umejaa. "Kilima cha Lowenna hiki!"

Mwalimu aliikagua ramani kwa makini.

"Nilikasirika, lakini umesema kweli kwa wakati. Sasa inafaa kutundikwa," alisema. "Wewe umezaliwa hapa, Lowenna, huhitaji ramani. Ramani ni ya mgeni kama Denzil, na mgeni huamini kila mstari uliochora."