Faili la Mama Halijafungwa

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, si hadithi ya jirani. Alikuwa karani wa masjala hospitalini, na mwaka ule kazi yake ilikuwa kuhamishia mafaili ya karatasi kwenye kompyuta. Mganga mkuu aliwaambia wafanyakazi kwamba karatasi huliwa na panya, ila kompyuta haimpotezi mgonjwa. Wauguzi walipiga makofi, kisha wakaendelea na daftari zao. Mazoea yana taabu. Jioni walimrundikia dada daftari hizo azichape.

Utaratibu ulikuwa mmoja: mgonjwa akifariki, ndugu anasaini fomu, karani anafunga faili. Mama yetu alipofariki, ndugu alikuwa dada na karani alikuwa dada. Hakusaini.

"Nitalifunga wiki ijayo," aliniambia. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalia bado.

Faili lisilofungwa, kompyuta huendelea kulipangia kliniki. Jumanne ya kwanza baada ya mazishi, dada alilifungua akakuta mama amehudhuria. Uzito: kilo hamsini na mbili. Akadhani muuguzi amekosea mstari, akaenda kuuliza. Kwenye daftari jina la mama halikuwemo.

Jumanne ya pili, kilo arobaini na tisa. Ya tatu, arobaini na tano. Mapigo ya moyo: hakuna. Na chini, penye nafasi ya msindikizaji, palikuwa na jina la dada.

Nguo za dada zilikuwa zimeanza kumpwaya. Nikampeleka duka la dawa, nikampandisha kwenye mizani. Arobaini na tano.

"Dada, lifunge," nilimnong'oneza.

"Nikilifunga nitakuwa nimemuua mimi, mdogo wangu."

"Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alishakufa."

"Najua. Lakini anakuja."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma orodha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne iliyofuata nilikwenda naye kazini. Saa nne asubuhi, dirishani watu tele. Nilisaini fomu mimi. Nikamshika mkono.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Faili likafungwa. Alishusha pumzi, akalaza kichwa mezani. Foleni ilisubiri. Nilimgusa bega. Alikuwa wa baridi.

Fomu ya dada niliisaini siku ileile, na faili lake likafungwa mbele ya macho yangu. Sikutaka kuchelewa tena. Sikulia.

Baada ya wiki moja niliitwa kuchukua vitu vyake. Kikombe, kandambili, sweta. Chini ya sweta kulikuwa na faili la karatasi la mama, lile ambalo dada mwenyewe alilichoma moto baada ya kulichapa. Nililifungua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe ya siku hiyo, na wino ulinishika kidoleni.

Waliohudhuria: wawili. Msindikizaji: jina langu, kwa mwandiko wa dada.

Njiani nilipita duka la dawa. Nimepungua kilo tatu.