Herufi Mbili za Mkaguzi

Siku walipokutana, duka la uchapaji lilikuwa limefurika wateja na mashine ya fotokopi imegoma. Mchapaji, dada wa miaka thelathini na moja, gauni la kijani na wino mpaka kwenye kiwiko, alikuwa ameiinamia akiibembeleza. Akasikia mtu anacheka nyuma yake.

"Samahani, dada. Tangazo lako linasema, 'Lipa kabla ya kudhulumiwa.'"

Akageuka, akalisoma. Lilikuwa ukutani pale mwaka wa pili. "Nilitaka kuandika kuhudumiwa."

"Najua. Ila mimi nafundisha Kiswahili, kunyamaza siwezi."

Shati lake lilipigwa pasi upande mmoja, na saa nne asubuhi alishanuka pombe. Huyu ni mzigo, mchapaji akajisemea. Lakini tusidanganyane, alishampenda.

Shule ya mwalimu ilikuwa hoi. Paa lilivuja, darasa moja lilikuwa na watoto sitini, na mwaka uliopita wote walifeli somo lake. Tangu hapo aliingia, akaandika tarehe ubaoni, akakaa. Wanafunzi walimwita Tarehe.

Walipokuwa wapenzi, mchapaji akamshikia bango kwa simu.

"Umeingia darasani leo?"

"Nimeingia, mpenzi."

"Umefundisha au umeandika tarehe?"

"Nimefundisha mpaka sauti imekauka."

"Na chupa?"

"Tumenuniana."

Miezi mitano ikapita hivyo. Mwalimu akanawiri, shati likapigwa pasi pande zote, watoto wakaanza kusoma magazeti kwa sauti.

Kisha akaja mkaguzi wa shule, mama aliyekaribia kustaafu, mwandiko wake kama kuku kaparura. Ofisi ya elimu ilikuwa ikipunguza walimu mwaka ule, na ripoti zake zilichapwa palepale dukani. Mchapaji alipofika kwa mwalimu wa Kiswahili, vidole vikasita. Alisoma: *apunguzwe*. Akachapa, akapeleka. Sheria yake ilikuwa moja: yaliyo kwenye karatasi ya mteja hayatoki nje ya duka. Wiki mbili akaongea na mpenzi wake habari za mvua tu.

Barua ya kupunguzwa ilipomfikia, mwalimu alikuja nayo mkononi, ukurasa wa mwisho wa ripoti umeambatanishwa.

"Herufi m hafifu. Hii ni mashine yako."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakugomba. Aliikunja, akaondoka, na simu hakupokea tena.

Mchapaji alilia siku tatu, hata wateja wakamwonea huruma. Siku ya nne akaitoa ile ripoti ya mkono kwenye droo, akaisoma aya nzima kwa utulivu, maana mwanzo alichapa neno kwa neno bila kufuata maana. *Darasa hili limeamka. Sijaona watoto wakisoma hivi kwa miaka kumi. Kwa hiyo mwalimu huyu apongezwe.*

Hofu ndiyo iliyomsomea, si macho.

Akafunga duka mchana kweupe, akaenda kwa mkaguzi. Alijua huenda akaikosa kazi ya ofisi ile maisha. Akasema hata hivyo.

Mkaguzi alivua miwani. "Nami nilitia saini bila kusoma, mwanangu. Tumekosa wote." Akaandika barua ya kusahihisha papo hapo, safari hii kwa herufi kubwa.

Mchapaji alimkuta mwalimu kwenye chumba cha walimu, anafunga vitabu vyake kwa kamba. Macho yalikuwa mekundu. Akaisoma barua mara mbili, akakaa.

"Kumbe ni wewe uliyenifukuza."

"Ni mimi. Nisamehe."

"Kosa la kuchapa nimelisamehe. Wiki mbili za mvua ndizo zimeniuma."

"Niliogopa utarudi kwenye chupa."

"Nilirudi. Siku mbili." Hakumtazama. "Jana nikaimwaga."

Nje kengele ikagongwa, watoto wakakimbilia madarasani.

"Ukinificha jambo tena," mwalimu akasema, "hata la kuniumiza, tutaachana."

"Nimekubali."

"Tatizo ni kwamba siwezi kuachana na mtu ambaye sijamwoa."

Mchapaji alimkazia macho. Midomo ilitaka kucheka, akaizuia. "Na mimi nikikukuta unanuka tena, nitaondoka na pete yako."

"Basi umekubali?"

"Nimekubali. Sasa nenda, una watoto sitini."

Mwalimu akachukua chaki, akatoka. Mchapaji akakaa kwenye kiti chake, akaanza kufungua kamba kwenye vitabu, kimoja baada ya kingine.