Glasi ya Pili

Shemeji yangu aliacha pombe siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amesimama katikati ya karakana yake na kitambaa cha vanishi mkononi. Haya ninayosimulia alinieleza yeye mwenyewe, kwa vipande, kwa muda wa karibu mwaka mzima. Kipande cha mwisho nilikiona kwa macho yangu, na laiti nisingekiona.

Hakuacha kwa sababu ya ajali wala fedheha kubwa. Watu hupenda kusikia kwamba mlevi alianguka mtaroni akaamka amezinduka. Shemeji alikuwa ameshaanguka mitaro yote ya mtaa ule na hakuna hata mmoja uliomzindua. Aliacha kwa kuwa alichoka. Ulevi ni kazi, tena isiyo na likizo: kuficha chupa, kukumbuka ulikoificha, kutafuna majani ya mnanaa kabla ya kusalimia watu, kutunga uongo wa leo usigongane na wa jana. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Asubuhi ile alishika mfuniko wa chupa, vidole vikatetemeka, mfuniko ukaanguka ukabingirika hadi chini ya kabati. Aliutazama. Hakuwa na nguvu hata ya kuinama. Akajisemea basi, imetosha, akaimwaga chupa yote kwenye sinki.

Riziki yake ilikuwa kung'arisha samani. Si kwa vanishi hizi za siku hizi za kupaka kwa brashi, bali ile ya kizamani inayoyeyushwa kwa spiriti na kusuguliwa kwa kitambaa kilichofungwa pamba, safu juu ya safu, mpaka mbao ikuonyeshe sura yako. Watu walimwita Fundi Kioo. Sasa vanishi hiyo ina maadui wawili. Maji yakikaa juu yake huacha duara jeupe, na ukilisugua kwa mafuta kidogo linaondoka. Pombe ni habari nyingine. Pombe huiyeyusha. Glasi yenye kitako kilicholowa pombe ikiwekwa mezani, duara lake hula mpaka kwenye mbao. Tofauti hiyo alimfundisha dada yangu mwaka waliooana, kwa majivuno ya ujana, na dada hakuisahau.

Dada alikuwa akiishi kwangu mwaka wa pili, tangu ndoa ilipomshinda. Shemeji alipotimiza wiki sita bila tone, alikuja amevaa shati lililopigwa pasi na cheti cha zahanati mfukoni, kama mtoto aliyefaulu mtihani. Dada alikisoma cheti mara mbili, akakubali kurudi. Nyumbani kwao kulikuwa na meza ya kulia ya mbao nyeusi, ambayo Fundi Kioo alikuwa ameing'arisha upya ili kumpokea. Dada alipitisha kiganja juu yake.

"Sitakunusa mdomo, Baba," alimwambia, kwa jina walilozoea kuitana tangu watoto wao wakiwa wadogo. "Nimechoka kunusa. Wala sitapekua makabati. Ila siku nitakayoona duara lililokula mbao kwenye meza hii, nitafunga mizigo yangu na hutaniona tena."

"Sawa, Mama."

Hapo ndipo alipopaswa kumweleza. Alikuwa ameshakiri mengi: chupa ndani ya tangi la choo, chupa ndani ya makochi ya wateja, safari za kikazi ambazo hazikuwa safari. Juu ya glasi ya pili alinyamaza. Aliona haya, si kwa ukubwa wa jambo, bali kwa upuuzi wake. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Glasi ya pili ilianza kama mzaha. Marehemu baba yake alikuwa na msemo kwamba anayekunywa na wenzake ni mnywaji, anayekunywa peke yake ni mlevi. Shemeji alipoanza kujifungia karakana saa sita mchana, alitafuta njia ya kuukwepa msemo huo. Akaweka glasi mbili kwenye benchi la kazi. Akavuta stuli upande wa pili. "Karibu," akaiambia hewa, "mgeni njoo mwenyeji apone." Kisha akaonja kwanza yeye, maana ndivyo alivyolelewa: mwenyeji muungwana huonja kwanza, mgeni ajue hajawekewa kitu. Baadaye aliinywa na ile ya pili. Miaka ilipokwenda, akawa anaikuta ile ya pili tupu, akadhani ameinywa mwenyewe. Mlevi haweki kumbukumbu. Kila siku ya kazi, kwa miaka kumi na sita, alimkaribisha mtu ambaye hayupo.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwonya. "Siku za mwanzo unaweza kuona vitu, mzee wangu. Ni pombe inatoka. Ukiona, usijifiche navyo, njoo haraka." Wiki ile ya kwanza alitapika, akatetemeka, akalowesha mashuka kwa jasho, akameza vidonge vyake vyote kwa saa. Lakini hakuona kitu.

Alianza kuona wiki ya saba, dada akiwa ameshazoea tena kitanda chake.

Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa sebuleni. Dada alikuwa kazini kwenye kiwanda cha mikate, hurudi saa nane. Shemeji aliingia kuchukua miwani. Kwenye meza, mbele ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia, kulikuwa na duara. Alijaribu mafuta. Duara halikutoka. Alipitisha ukucha, ukazama kidogo. Akainama akanusa, na mate yakamjaa mdomoni kabla hajajua ni nini.

Alikimbia karakana akaleta kitambaa. Alisugua saa nzima, akajaza, akalainisha. Dada aliporudi alisimama mlangoni.

"Mbona kunanuka spiriti?"

"Nimepitisha kitambaa kidogo, Mama. Palikwaruzika."

Dada aliitazama meza, akamtazama yeye. Kisha akaenda jikoni akaanza kumenya vitunguu.

Kesho yake duara lilikuwepo, palepale. Alilifuta. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alikuwa amekivuta kiti. Kilikaa nusu nje ya meza, kidogo upande, vile kinavyokaa mtu akiinuka kwa muda akijua atarudi.

Chumba cha pili cha karakana kilikuwa cha fundi makochi, mtu mcheshi asiyeweza kushona bila kuongea. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Siku hiyo ya tatu alitoka na sindano mdomoni, akaitoa.

"Kaka, yule mgeni wako mmegombana?"

"Mgeni gani?"

"Wa saa sita." Fundi makochi alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akashusha sauti. "Si huwa anakuja? Miaka yote nawasikia. Wewe unaongea, yeye anaguna. Tangu uache amekuja mara nyingi. Anavuta stuli, anakaa. Juzi juzi ndiyo sijamsikia tena."

"Umewahi kumwona?"

"Mimi? Sijawahi." Alitazama sindano yake. "Mlango wako huwa haulii akiingia. Nilidhani umeutia mafuta."

Shemeji alirudi ndani akakaa. Mtu mwingine angekwenda kuomba dua. Yeye alihisi uchovu tu, uchovu ule ule wa Jumanne ya mfuniko, na ndani yake akafikiri kama mfanyakazi: huyu amenifuata nyumbani kwa kuwa huku hapewi kitu. Nikimpa huku, atabaki huku, na Mama hataona duara. Alivuka barabara. Mtu aliyemaliza siku hamsini na moja bila tone alinunua chupa, akaificha kwapani kwa ustadi wa zamani. Mwili haukuwa umesahau hata kidogo.

Saa sita kamili aliweka glasi mbili kwenye benchi. Akavuta stuli. Akamimina ya pili hadi juu, na yake akaiacha tupu.

"Karibu," alisema kwa sauti ya chini.

Hakuna kilichotokea. Upande wa pili, mashine ya fundi makochi ilikuwa ikikimbia. Nzi alitua kwenye ukingo wa glasi, akaondoka. Kisha mashine ikanyamaza. Stuli ikalia, kama inavyolia ikipokea uzito.

Alingoja. Glasi ya pili haikupungua. Alitazama mpaka macho yakauma. Haikupungua. Kisha glasi yake mwenyewe, ile tupu, ilisogea. Kidogo. Upana wa kidole. Ilisogea kuelekea kwake.

Akaelewa. Mwenyeji huonja kwanza.

Harufu ilimpanda puani, tamu, ikimwita kwa upole. Kunywa kidogo tu. Tone. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya Mama. Kwa ajili ya meza. Alishika chupa. Akaona mkono wake ukiinama kumimina, na hakuukumbuka kuuamuru.

"Onja," mtu akanong'ona. Ilikuwa karibu na sikio. Sauti iliyokauka.

Aliitupa chupa kwenye sinki. Akamwaga na glasi ya pili. Akazifunika zote mbili kifudifudi juu ya benchi, akazishikilia kwa viganja viwili, akilia bila sauti.

"Mwenyeji hayupo tena," alinong'ona. "Mimi nimeacha. Nenda ukatafute mwingine."

Stuli ikalia tena, uzito ukiinuka. Mlango ukafunguka, haukulia. Mwanga wa mchana ukaingia, na vumbi la msasa likapasuka katikati, kama linavyopasuka mtu anapopita.

Alitembea kurudi nyumbani akijiona mwepesi kama aliyetua gunia. Njia nzima alipanga maneno. Angemweleza dada yote, glasi, stuli, kila kitu. Naye dada angecheka, angemwita mpumbavu, yangekwisha. Alifungua mlango akamkuta ameketi mezani. Siku hiyo mtambo wa kiwandani ulikuwa umeharibika, wakaruhusiwa mapema.

Mezani kulikuwa na glasi mbili.

"Mama," alisema. "Hizi za nini?"

"Maji ya ndimu. Joto lilinizidi, nikaona si vizuri kunywa peke yangu, nikakuwekea na wewe." Alikuwa akitabasamu, lakini macho yake yalikuwa mazito. "Nimeonja kwanza mimi, nikaona sukari imetosha."

Glasi ya upande wa pili ilikuwa tupu.

"Hii nani amekunywa?"

Dada akakunja uso. "Si wewe? Si umeingia sasa hivi, ukaketi, ukanywa? Nikakusemesha, ukaguna tu. Nikasema maskini, amechoka." Akatazama kiti, kisha mlangoni alipokuwa amesimama mumewe. "Ukatoka kunawa."

Shemeji aliinua glasi ile. Chini yake palikuwa na duara, na lilikuwa limekula mbao. Dada aliliona. Alilitazama vizuri, yeye aliyelijua vizuri kuliko mwanamke yeyote. Shemeji alingoja ainuke akafunge mizigo. Anasema katika maisha yake hajawahi kuomba jambo kama alivyoomba wakati huo, aone mkewe amekasirika, aondoke, aende mbali na meza ile.

"Ah, duara tu," dada alisema. "Lete maji mengine, Baba. Bado nina kiu."

Huu ni mwaka. Shemeji hajaonja tone. Dada, ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kuigusa pombe, anaamka akitetemeka mikono mpaka ifikapo saa sita. Zahanati wamempima kila kitu wasione kitu. Kiwandani ameacha. Sharti lake ukimkumbusha anakutazama kama unamsimulia habari za mtu mwingine. Tulimchukua kwangu wiki moja. Siku ya pili tulimkuta jikoni, saa sita, ameweka vikombe viwili. Shemeji alikuja kumrudisha, maana alisema heri jambo hilo likae alipo yeye aliyelileta. Kila jioni anajaza duara na kusugua. Amekonda.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatazama. Saa sita ilipokaribia, dada alitaka kufungua mtungi wa maji. Vidole vikatetemeka, mfuniko ukaanguka ukabingirika hadi chini ya kabati. Aliutazama tu. Shemeji akapiga magoti, akautoa, akaufuta vumbi, akamwekea mkononi.

Nikamwambia dada aache, nitamwekea mimi. Niliziosha glasi kwa mkono wangu, nikazikausha, nikachota maji ya bombani, nikaziweka mezani moja mbele yake na moja upande wa pili kama alivyotaka. Dada akaonja kwanza. Tukakaa, watu watatu, mpaka saa ya ukutani ikasogea robo. Glasi ya upande wa pili hakuna aliyeigusa, na maji yake hayakupungua. Nilifurahi, nikaamini siku hiyo imepita salama. Nilipoinuka kuaga niliichukua nikaimwage, na chini yake vanishi ilikuwa imeyeyuka mpaka kwenye mbao, bado laini, ikanishika kidole.