Mawifi Wawili na Tovuti Iliyokwama

Kila asubuhi Mwanahawa hufungua duka la familia pale Kanyenye. Huwasha kompyuta kwanza, ndipo hushika ufagio. Duka linauza asali na uyoga mkavu kutoka Sikonge. Siku hizi wateja wengi hawafiki mlangoni. Wako Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam, nao hununua kwa tovuti. Wasioijua tovuti hupiga simu, na mawifi wawili huwaandikia oda. Mwanahawa huandika akiwa dukani. Wifi yake Anifa, dada wa mumewe Issa, huandika akiwa nyumbani kwake Ipuli.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Ramadhani ilipokaribia. Simu zikawa hazitulii, na tovuti ikaanza vituko. Mwanahawa alikuwa akiandika oda ya asali na uyoga, anabonyeza, anangoja. Kisha maandishi mekundu: "Oda haijakamilika." Wakati huohuo, oda ya Anifa ilionekana imepita salama.

Mara ya kwanza aliiandika upya. Mara ya pili aliguna. Ilipotokea tena na tena, moyo wake ukaingia giza. Kwa nini zipite za Anifa na zake zitupwe? Alikumbuka jinsi Anifa alivyoing'ang'ania kazi hii tangu mwanzo. Alikumbuka hata kicheko chake kwenye arusi ya juzi. Mtu akishaingiwa na shaka, hata kicheko huwa ushahidi.

Jioni alimwambia mumewe.

"Issa, dada yako ananifutia oda zangu."

"Umemwona?"

"Nimwone vipi, naye yuko Ipuli? Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoe kwenye biashara, ama nitoke mimi."

Issa alikuna kichwa. Kisha akaenda kuswali. Kuondoka kwake nako Mwanahawa alikutilia shaka. Usiku huo usingizi haukumjia vizuri. Duka hili marehemu baba mkwe wake aliiachia familia, naye Mwanahawa ndiye aliyelitunza. Likigawanywa, wateja watagawanyika, na wafugaji nyuki wa Sikonge watatafuta mnunuzi mwingine.

Kesho yake Anifa alikuja dukani mwenyewe. Aliongozana na jirani yake Theodora, mama Mkristo wa Kimoraviani anayetunza kompyuta za kampuni moja ya usafirishaji.

"Shikamoo, mama," alisema Theodora.

"Marahaba," alijibu Mwanahawa. Moyoni alisema: leo kaleta na shahidi.

Anifa hakukaa. "Wifi, nimechoka. Oda zangu zinatupwa nje kila siku. Nani anazitupa?"

Mwanahawa alikodoa macho. "Zako? Zinazotupwa ni zangu."

"Za kwako zinapita. Mimi naziona."

"Na mimi naziona zako zikipita."

Theodora aliwatazama, akatabasamu kidogo. "Kwa hiyo oda za nyote wawili zinatupwa, na kila mmoja alificha. Mficha uchi hazai. Mama Mwanahawa, mnapoandika oda, tovuti inaanza na bidhaa ipi?"

"Ile aliyoitaja mteja kwanza," alisema Mwanahawa. "Ndiyo desturi ya duka hili. Marehemu mzee alikuwa akisema, kitajwacho kwanza kipimwe kwanza, ndiyo heshima ya mteja. Nilimwagiza fundi aliyeitengeneza tovuti afuate hivyohivyo."

"Wateja wako hutaja nini kwanza?"

"Asali."

"Na wako, Anifa?"

"Wangu wengi ni mama lishe. Wao ni uyoga kwanza."

Theodora aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi simameni. Mama, shika ile ndoo ya asali. Anifa, shika lile gunia la uyoga. Kila mmoja ana mteja anayetaka vyote viwili. Sharti ni moja: haruhusiwi mtu kuachia alichoshika mpaka apate na cha pili."

Mwanahawa aliona kama anachezewa. Hata hivyo alishika ndoo, akaikumbatia vizuri. Anifa naye alikumbatia gunia.

"Nipe gunia," alisema Mwanahawa.

"Nipe ndoo kwanza."

"Siachii."

"Hata mimi siachii."

Walisimama wakitazamana. Ndoo ilikuwa nzito na mikono ikaanza kuuma, lakini hakuna aliyetaka kushindwa na wifi yake. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, akaona ajabu hiyo, akaondoka zake.

"Nani mkosaji hapa?" aliuliza Theodora.

Mawifi waliangalia mizigo waliyoikumbatia.

"Hakuna mkosaji. Kuna mkwamo," alisema Theodora. "Nyuma ya tovuti kuna kanzidata. Ni ghala la kumbukumbu. Humo imeandikwa asali iliyobaki na uyoga uliobaki. Oda moja ikianza kupunguza asali, asali inafungwa kufuli. Oda nyingine haiwezi kuigusa mpaka ya kwanza imalize."

"Kwa nini ifungwe?" aliuliza Mwanahawa.

"Ili ndoo moja isiuzwe kwa watu wawili. Kufuli ni kitu kizuri. Shida ni kwamba oda yako inafunga asali, kisha inangoja uyoga. Wakati huohuo, oda ya Anifa imefunga uyoga na inangoja asali. Mngeweza kusimama hivi mpaka Idi. Kanzidata ikigundua mmekwama, inamtupa nje mmoja ili mwingine apite. Haijui nani ni wifi wa nani. Wateja wakiwa wachache, mara chache mnakutana. Wakiwa wengi, mnagongana kutwa."

Mwanahawa aliweka ndoo chini. Aliona aibu, lakini shaka haikumtoka yote. "Dawa yake ni nini?"

"Njia moja kwa wote. Mteja ataje anavyotaka, lakini ndani ya tovuti kila oda ishike asali kwanza, kisha uyoga. Jaribuni sasa."

Mawifi walikwenda wote kwenye ndoo. Mwanahawa aliishika kwanza, Anifa akangoja mikono mitupu. Mwanahawa akachukua na gunia, akaweka vyote mezani, akaachia. Anifa akashika ndoo, naye akamaliza.

"Kumbe unangoja kidogo tu," alisema Anifa.

"Unangoja, lakini hukwami. Na kungoja kuwe kufupi. Hebu niambieni, tovuti inafanya nini kabla ya kufungua kufuli?"

Mwanahawa alikohoa. "Inamtumia mteja ujumbe wa salamu na shukrani. Mimi ndiye niliyetaka. Si vizuri kumaliza na mtu bila kumshukuru."

"Mshukuru, mama, lakini ukishaweka ndoo chini. Sasa hivi oda inakumbatia asali huku inatuma salamu, na mtandao ukizembea, foleni yote inasimama. Ujumbe uende baada ya oda kukamilika. Na jambo la mwisho: oda ikitupwa, tovuti ijaribu tena yenyewe, mara chache, kabla ya kuwasumbua."

"Ikijaribu tena, si itamuuzia mteja mara mbili?" Mwanahawa alikuwa bado yuko macho.

"Swali zuri. Hapana. Oda iliyotupwa hufutwa yote, ikawa kana kwamba haikuandikwa. Ndiyo maana inaanza upya bila madhara."

Theodora alikaa kwenye kompyuta, akarekebisha mambo hayo matatu, akayajaribu mpaka akaridhika. Alipoondoka, mawifi walibaki wakijifanya wanafagia.

"Wifi," alisema Mwanahawa mwishowe, "nilimwambia Issa akutoe kwenye biashara."

Anifa alitazama sakafu. "Mimi nilimwambia akutoe wewe. Tangu Jumatatu."

Hapo Mwanahawa akaelewa kwa nini mumewe alikuwa akikuna kichwa.

Siku ya kuamkia mfungo simu zililia kama nyuki. Oda zilipita moja baada ya nyingine, za Kanyenye na za Ipuli. Mara moja tu maandishi kwenye kompyuta yalisema: "Tunajaribu tena." Jina la wifi yake lilimjia Mwanahawa mdomoni. Kabla hajalitamka, oda ikapita.

Kisha akachukua simu akampigia Anifa.

"Kuna nini tena, wifi?" aliuliza Anifa kwa sauti ya tahadhari.

"Hakuna kitu. Nimekupigia tu. Kesho mje mfuturu kwetu."

"Umenipigia tu?"

"Ndiyo. Saumu njema."

Anifa alimshukuru, akakata simu. Halafu, haraka haraka, akampigia kaka yake Issa kumwuliza kama mkewe anaumwa.