Neno Lililoondolewa Ukingoni

Mdomo wa malenga ulikuwa wazi tena.

Mchongaji alisonya. Jana aliuchonga umefumbwa, akaukagua kwa kioo cha kukuzia, akaridhika. Leo asubuhi, kwenye ile chapa ya chuma ya kugandamizia sarafu, malenga alikuwa ameachama kama mtu aliyekatizwa maneno. Na hii ni chapa ya tatu! Ijumaa mashine inaanza kupiga sarafu za kumbukumbu ya marehemu huyo, na Ijumaa hiyohiyo mchongaji anastaafu baada ya miaka thelathini ya kuinamia meza. Alichotaka ni kumaliza aende zake nyumbani. Basi.

Halafu ile harufu. Wino mbichi, katika karakana isiyo na wino, yenye mafuta ya mashine tu. Na mlio: kitu kikigonga chuma taratibu, mara sita, kisha kimya cha kungoja.

Sababu aliijua, na ndiyo iliyomchoma roho. Ukingoni mwa sarafu ulitakiwa mstari wa malenga, "Kalamu yangu, silali." Mizani nane. Meneja akaona jina la taasisi halienei, akaamuru "yangu" iondolewe, mizani zikabaki sita.

"Mkuu, shairi halipunguzwi hivyo."

"Nani anasoma ukingo wa sarafu, mzee? Chonga!"

Siku hiyo ya chapa ya tatu, mjane wa malenga alikuja kuiona sura ya mumewe. Hakuiangalia. Alinusa tu.

"Kumbe yupo huku," alinong'ona.

"Nani, mama?"

"Aliyempa maneno. Mume wangu alishika kalamu tu. Akikosea mizani moja, nyumba nzima hatulali. Miaka arobaini, mwanangu, sikuwa na mume. Nilikuwa na karani wa jini."

"Sasa nifanyeje?"

"Mrudishie neno lake. Halafu ondoka, usigeuke kutazama."

Mchongaji akachukua chuma kipya, akaanza upya, huku akimlaani meneja kimoyomoyo. Alipomaliza "yangu", mlio uligonga mara nane, ukanyamaza.

Ijumaa sarafu ya kwanza ikadondoka. Meneja alipoona jina la taasisi halipo, alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaenda kupiga simu. Mchongaji hakujali. Mkoba wake ulikuwa begani. Lakini fundi gani huondoka bila kukagua kazi yake? Akageuka, akaiinua sarafu, akaitazama. Mdomo ulikuwa umefumbwa vizuri.

"Safi," sauti tulivu ikasema sikioni mwake. "Mkono wako ni mwepesi kuliko wa yule. Ameniachia beti mia mbili hazijaandikwa. Keti."

Alitaka kupiga kelele, alitaka kusema kwamba yeye amestaafu, kwamba mkewe anamngoja, kwamba hajui kutunga hata mstari mmoja na wala hataki kujua, na akiwa bado anayatafuta maneno hayo alisikia mkoba ukianguka na kiti kikivutwa sakafuni, na mkono uliokivuta ulikuwa wake.