Anwani ya Fabian

Barua ya Fabian ilikuwa imeshafika, na hilo ndilo lililomshtua Selina, kwa sababu alikuwa bado hajaiandika.

Alitazama kioo cha kompyuta, kisha akatazama pembeni, kwenye kiti cha plastiki alichokalia Mama Fabian. Mama wa watu alikuwa ametulia na kitenge chake cha Ijumaa, mikono imelala mapajani, macho yote kwa Selina. Nje, gari la watalii lilipita kwenye lami mpya likipandisha kuelekea geti la Ngorongoro. Ndani ya duka la intaneti mlikuwa na watu wawili na kompyuta nne, na hewa ilikuwa imeanza kunuka tope.

"Ameandika?" Mama Fabian akauliza.

"Ameandika, mama."

"Soma basi."

Selina akasoma. Ilikuwa barua fupi. Mama, mimi mzima. Maji ya huku ni baridi sana lakini nimeshayazoea. Yule ng'ombe wa pembe moja bado yupo?

Mama Fabian akapiga makofi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hajasahau! Mtoto hajasahau!" Selina naye akacheka, kicheko cha kulazimisha, huku jasho likimtiririka kwapani. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Karatu watu huvaa makoti mawili.

Tuseme ukweli, Selina hakuwa mtu mbaya. Alikuwa binti wa Machame aliyesomea kompyuta Arusha, na mwaka wa 2004 Inosenti alimwajiri aendeshe duka lake pale barabarani. Wateja wengi hawakujua hata pa kubofya: madereva wa watalii, wapishi wa kambi, akina mama wenye watoto ng'ambo. Wao walisema, yeye akaandika. Majibu yakija, yeye akawasomea kwa sauti. Aliwafungulia anwani, akawachagulia nywila, akaziandika zote kwenye daftari moja la kaunta, na hakuna aliyeona ubaya, hata yeye mwenyewe. Siri za nusu ya mji zilipita kinywani mwake. Alijua ni nani aliyeahidiwa ndoa na Mjerumani, na alijua ni nani mwingine aliyeahidiwa na Mjerumani huyohuyo.

Fabian alikuwa mtoto pekee wa Bernadina wa Tloma, ambaye mji mzima ulimwita Mama Fabian. Alikwenda Norwe kusoma, akaandika mwaka mmoja, kisha kimya. Barua za Selina zikawa zinarudi zilivyokwenda: anwani hiyo haipo. Mara nne yule mama alishuka kwa miguu kutoka Tloma, kule msitu unakoanzia, akaambiwa hakuna kitu, akasema "haya, asante", akapanda tena. Mara ya tano Selina alishindwa. Alifungua anwani mpya kwa jina la Fabian, akaandika mistari mitatu, akaisoma. Mama Fabian aliondoka siku ile akiimba wimbo wa kanisani, na Selina akajiambia kwamba hajamdhuru mtu.

Miezi kumi ikapita hivyo. Alhamisi jioni anaandika, Ijumaa anasoma. Ili barua ziwe na ladha ya nyumbani alimchokonoa mama kwa maswali, na kila alichoambiwa alikiingiza humo: kovu la gotini, jina la mbwa, chemchemi iliyo chini ya nyumba ambako mtoto alikatazwa kucheza kwa kuwa wazee walisema ina wenyewe, wakaao ndani ya maji. Aliandika hata kuhusu hiyo chemchemi. "Mama, nakumbuka chemchemi yetu," aliandika, na akajisifu moyoni kwa ufundi wake.

Lakini habari za ng'ombe wa pembe moja hakuwahi kuambiwa. Na Alhamisi ile, kwa wingi wa watalii, hakuwa ameandika chochote.

"Umeingia kwenye anwani ya Fabian?" Selina alimuuliza Inosenti jioni.

"Fabian gani tena?"

Ikabidi amweleze yote. Inosenti alikuwa mtu wa utani, hata msibani hakujizuia. Alimsikiliza akitafuna mahindi ya kuchoma, akatikisa kichwa. "Aisee Selina. Umejenga nyumba ukaiacha tupu, sasa unashangaa kuna mpangaji kahamia?"

"Inosenti, sitanii."

"Basi ifute. Watu wanafungua majina ya uongo dunia nzima, hawaliwi na mtu. Futa, halafu kamwambie yule mama ukweli."

Selina aliifuta. Alifuta anwani, akafuta barua zote, akalichana lile karatasi la daftari akaliwashia kiberiti uani. Ukweli hakwenda kuusema. Kila akijiona anafungua mdomo, alimwona Mama Fabian akisema "haya, asante" na kupandisha tena kile kilima, na mdomo ukajifunga.

Ijumaa iliyofuata Mungu alimwonea huruma, au ndivyo alivyodhani. Lori lilikuwa limeangusha nguzo ya simu Jumatano na laini ya barabara nzima ikafa. Hakuna simu, hakuna intaneti. Mama Fabian alipoingia, Selina alimpokea kama mwenye furaha.

"Shikamoo mama. Leo pole, laini imekatika. Hakuna barua."

"Marahaba mwanangu. Nitapumzika kidogo tu, miguu imechoka."

Akakaa. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka mlangoni, japo ilikuwa saa nane mchana. Selina akajifanya anapanga karatasi. Ndipo modemu ikalia.

Ililia mlio wake ule wa siku zote wa kupiga simu, wa kukwaruza na kupiga miluzi, wakati waya wake wa simu ulikuwa umelala kaunta mbele ya Selina, ameuchomoa asubuhi aufute vumbi. Harufu ya tope ikaja kwa nguvu, harufu ya maji yaliyokaa chini ya majani yaliyooza, na kompyuta ya mwisho, ile ya ukutani iliyokuwa imezimwa, ikawaka kioo chake, na kwenye kioo kukawa na barua imeshafunguliwa, na kabla Selina hajaamua lolote alisikia mtu anaisoma kwa sauti, taratibu, kwa ile sauti ya upole ya kila Ijumaa, akageuka amtazame huyo anayesoma, na hapakuwa na mtu, na ulimi uliokuwa ukienda ulikuwa wake.

"Mama, nimechoka kukaa kwenye maji. Miezi kumi nimesikiliza habari za nyumbani, sasa nataka kuingia ndani. Ijumaa ijayo saa tisa mchana nitafika. Simama mlangoni uniite kwa jina la mgongoni, nami nitaitika."

Selina alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Maneno mawili ya mwisho yalipenya katikati ya vidole.

Mama Fabian hakupiga makofi safari hii. Alivuta kitenge mabegani. "Jina la mgongoni," akasema polepole. "Hilo sijamtajia mtu."

"Ni jina gani hilo, mama?" Selina alinong'ona. Koo lilimuuma kana kwamba amemeza mchanga.

"Lile la kumbembelezea mtoto ukiwa umembeba. Kwetu sisi Wairaqw, mtu aliyepotea miaka haingii ndani hivihivi. Aliyemzaa anasimama ndani ya mlango, anamwita kwa jina hilo. Akiitika, anaingia."

"Na akiitika mwingine?"

Mama Fabian alimtazama. "Atakayeitika ndiye atakayeingia, mwanangu. Ndiyo maana haliitwi ovyo."

Pale pale ndipo Selina alipotakiwa kusema. Alijua hivyo. Badala yake akasema, "Nenda salama mama, ukungu mkubwa," na akajichukia kabla yule mama hajafika barabarani.

Wiki ile hakulala vizuri wala hakula. Mchana akiwa kaunta alisikia matone yakidondoka nyuma ya kompyuta ya ukutani. Akienda kutazama, sakafu ni kavu. Sauti yake ilianza kukwama. Alianza sentensi mbele ya mteja, akaishia kuimalizia kwa pumzi tu, na wateja wakamwambia atafune tangawizi. Alimwomba Inosenti amsindikize Tloma, Inosenti akasema Jumamosi. Jumamosi, wakati mgeni alisema Ijumaa! Alihofia kazi, alihofia aibu, lakini kilichomtesa zaidi ni kumfikiria mama mtu mzima amesimama peke yake kwenye mlango wake, akilitaja jina la mwanawe aliyezama au aliyekufa au aliyemsahau, na kitu kisichozaliwa na mtu kikiitika.

Ijumaa saa saba alifunga duka. Alipandisha mbio nusu, kutembea nusu, kati ya mashamba ya ngano na migomba, ukungu ukizidi kila hatua, na njia nzima alisikia miguu mingine ikipandisha upande wa pili wa ua wa mimea, miguu ya mtu anayetembea peku kwenye tope, ingawa njia ilikuwa kavu inatimua vumbi, ikisimama aliposimama na kwenda alipokwenda, mpaka akaacha kutazama kando na kuanza kusali kwa sauti, na sala nayo ilitoka vipande.

Nyumba ya Mama Fabian ilikuwa imefagiwa mpaka uani. Kibuyu cha maziwa kilikuwa mezani, kigoda kimewekwa karibu na moto. Mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya mlango ulio wazi, amejitanda kitenge kipya.

"Mama, usimwite!" Selina alisema akitweta. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. "Fabian hajaandika. Miezi kumi yote ni mimi. Niliandika mimi, nikakusomea mimi. Nisamehe, mama, nilikuonea huruma."

Mama Fabian alimwekea mkono begani, akamkalisha kwenye kigoda.

"Nilijua," akasema. "Tangu barua ya pili. Fabian hajawahi hata siku moja kuniuliza kama nimekula. Wewe kila barua unaniuliza kama nimekula."

Selina akalia. "Sasa kwa nini ulikuwa unakuja?"

"Kwa sababu ulikuwa unaniuliza kama nimekula."

Nje, upande wa chini kulikokuwa na chemchemi, kitu kilijitoa kwenye maji. Matone yalianguka mengi kwa pamoja, kisha machache. Mbwa aliingia mbio akajificha chini ya kitanda, na ile harufu ikapanda kilima ikaingia mlangoni kabla ya mwenyewe.

"Hizi barua mbili za mwisho si zangu, mama. Hicho si Fabian. Nakuomba funga mlango."

"Najua si Fabian," Mama Fabian alisema, na uso wake ulikuwa mtulivu, utulivu wa mtu aliyekwisha kulia kilio chake chote zamani. "Hata wewe hukuwa Fabian, na nikakupokea."

Selina alijitupa kumshika kitenge. Alichelewa. Mama Fabian aligeukia ukungu akaita jina moja, fupi, la kitoto, kwa sauti ambayo Selina hakuwahi kuisikia kwake, na jina lile likaenda likateremka mpaka chini.

Likaitikwa. Aliyeitika aliitika kwa Kiiraqw, Kiiraqw safi cha mtu aliyezaliwa nacho, wakati Selina alijua salamu mbili tu. Lakini sauti ilikuwa ya Selina. Ilikuwa ile ya upole, ya kusomea barua, na haikukwaruza hata kidogo.

Alifungua mdomo apige kelele. Hakikutoka kitu. Alijishika koo, akajaribu tena, akajaribu jina la Yesu, na pumzi ikapita bure mdomoni huku miguu ile ya tope ikivuka kizingiti na kuacha maji sakafuni, na kigoda alichokuwa amekikalia kikasogezwa taratibu karibu zaidi na moto.

Mama Fabian alichukua kibuyu. Alizungumza Kiswahili, kama walivyozoea siku za Ijumaa.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Umekula?"

"Bado, mama," sauti ya Selina ikamjibu.