Papa, Jongoo Bahari na Kihamba cha Leonia

Mzee Elimringi wa Kirua Vunjo alipenda usafi kupita kiasi. Kila asubuhi alifagia kihamba chake chote, shamba lililozunguka nyumba, chini ya migomba na mibuni. Majani makavu aliyachoma moto. Nyungunyungu akijitokeza udongoni, alimtupia kuku.

"Hawa wanakula mizizi," alisema.

Wapita njia walimsifu. "Kwa Elimringi hata sindano ikianguka utaiona!"

Lakini migomba ilidhoofika, na mikungu ikawa midogo. Mkewe, Leonia, aliona aibu. Binti yao Eunike alikuwa ameolewa Machame mwezi ule. Siku akijifungua, mama yake ndiye wa kumpelekea ndizi za mtori, supu ya mzazi, tena za kihamba chake mwenyewe. Je, Leonia akanunue sokoni? Wakwe wangesema nini?

Alasiri alikwenda kisomo cha watu wazima. Mwalimu wao, Bi Sikudhani, alikuwa mzaliwa wa Kilwa. Siku hiyo aliandika ubaoni maneno mawili: papa, jongoo bahari. Leonia alisoma yote mawili bila kusaidiwa.

"Papa ni samaki mkubwa," alisema mwalimu. "Meno yake ni safu kwa safu. Moja likitoka, jingine hushika nafasi. Jongoo bahari hana meno, hana mfupa, hana hata ubongo. Na anapumulia nyuma."

"Nyuma wapi, mwalimu?" aliuliza Leonia.

"Huko huko unakofikiri, mama Eunike."

Darasa zima liliangua kicheko.

"Basi mimi nachukua papa," alisema Leonia. "Huyo mwingine ni wa nini?"

"Wote wana kazi. Papa hula samaki wengine, wasizidi kiasi. Jongoo bahari humeza mchanga, akala vilivyooza ndani yake, kisha akautoa mchanga safi. Papa tunamwogopa, basi tunamheshimu. Jongoo tunamdharau kwa kuwa hang'ati mtu."

Leonia alisimama ghafla. "Mae! Hata kwetu yupo! Nyungunyungu!"

"Hawa si ndugu, lakini kazi zao zinafanana," alisema mwalimu. "Nyungunyungu humeza udongo na majani yaliyooza, akaacha mbolea. Mizizi mizima haili. Lakini mkichoma majani, atakula nini? Yaacheni yafunike udongo, mwongeze na samadi. Udongo utashika maji."

Nyumbani, Leonia alipoyaeleza hayo, Elimringi alikuja juu. "Kihamba changu kiwe kichafu? Watu watanicheka!"

"Wakucheke wewe leo, au watucheke wote siku ya mzazi?"

Elimringi aliliegemeza fagio ukutani, na kuanzia siku ile likafagia uani tu.

Mwaka uliofuata Eunike alijifungua mtoto wa kike. Elimringi alikata mkungu mzito mpaka shingo ikamuuma kuubeba, lakini hakukubali kupokewa njiani. Alijivuna waziwazi.

Huko Machame, mama mkwe wa Eunike aliuzunguka mkungu ule mara mbili. "Mmeununua soko gani?"

Leonia alimwonyesha karatasi iliyofungwa kwenye kikonyo. Iliandikwa kwa herufi kubwa: UMETOKA KIHAMBA CHA LEONIA NA ELIMRINGI.

"Na haya maandishi, nani amewaandikia?"

Leonia alivuta pumzi, kifua mbele.

"Mimi," alisema.